Baiskeli ya Baba Mkwe

Niliitambua kabla sijaiona yote. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa kliniki, karibu na bomba la maji, na juu ya kiti chake kulikuwa na kipande cha kitenge cha kijani kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Kitenge hicho nilikikata mimi. Ni mabaki ya foronya nilizoshona mwaka nilioolewa. Nilimpa mama mkwe, naye akampa mumewe, kwa kuwa kiti cha baiskeli yake kilikuwa kimechanika. Mjini Kyela baiskeli ni nyingi, ila yenye kiti kama kile ni moja tu.

Kituo kile kina vyumba vingi. Kuna cha meno, cha watoto, cha maabara. Chumba chetu sisi watu wa dawa kiko mwisho, kina veranda yake na benchi lake refu. Nilikuwa mtu wa nne kutoka mlangoni, nangoja kutolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Nikasikia kikohozi nje ya veranda. Kilikuwa cha mara mbili, kisha kimya, vile anavyokohoa baba mkwe akikaribia nyumbani ili nipishe njia. Nilijifunika kanga mpaka puani, nikatokea upande wa nyuma, nikapita chini ya kamba zilizoanikwa mashuka na kutoka kwa geti dogo.

Njia nzima ya kurudi kijijini Bujonde nilijiuliza neno moja: nani amemwambia?

Lazima nieleze kwa nini nilikimbia, maana mtu wa mbali anaweza kuniona mjinga. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Wenyewe wanaita ukutila. Akija njiani, wewe unaingia pembeni na kumpa mgongo. Huli naye, huketi alipoketi, hutaji jina lake, na yeye hakusemeshi. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini. Baba mkwe wangu hajaacha. Katika miaka miwili ya ndoa nilikuwa nimemjua kwa vitu vitatu tu: kikohozi, baiskeli, na mgongo wa koti lake la kijivu. Kwa hiyo hata kama ningekuwa na ujasiri, na sina, nisingeweza kukaa pale nimuulize anatafuta nini.

Mimi nilizaliwa ziwani, mashariki ya Kyela, kwa watu wanaofinyanga vyungu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na bibi mzaa mama. Bibi ndiye aliyenianzisha dawa. Alinipa kila asubuhi pamoja na uji, akaniambia ni za kifua. Nilipofika darasa la sita nesi akaniambia ukweli, kwamba nilizaliwa na virusi. Niliporudi nyumbani bibi alikuwa analainisha mdomo wa chungu kwa kipande cha kibuyu. Hakugeuka. Alisema, "Sasa umejua. Meza vilevile." Nilimaliza darasa la saba, nikakaa na bibi, nikajifunza udongo.

Mume wangu ni dereva wa bodaboda, kijiwe chake kiko Mbugani. Alikuja ziwani mara nyingi kuchukua vyungu vya bibi kupeleka sokoni, halafu akawa anakuja hata siku ambazo vyungu havijachomwa. Nilimwambia hali yangu kabla hajaenda kwao kusema lolote. Nilidhani hatarudi. Alirudi baada ya siku tano, akasema twende wote kupima. Yeye alikuwa mzima na mpaka leo ni mzima. Nesi alitueleza kwamba mtu kama mimi anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi, na mume asiambukizwe, mradi dawa zimefubaza virusi kabisa, na tusiende kwa kubahatisha. Tukakubaliana tupange. Nikawekewa kijiti cha uzazi wa mpango mkono wa kushoto, tukatumia na kinga, tukingoja majibu ya damu.

Majibu ya kwanza baada ya ndoa yalikuwa mabaya. Nilijua sababu. Tunaishi kwenye kiwanja cha wazazi wa mume wangu, mlango wetu unatazamana na mlango wao, na mama mkwe huingia kwangu bila hodi kutafuta ungo, kutafuta chumvi, kutafuta chochote. Vidonge ndani ya chupa vina kelele. Ukiinua chupa vinacheka. Ndiyo maana tangu niolewe niliruka siku nyingi, nikaogopa mlio kuliko ugonjwa. Nesi hakunigombeza. Aliniambia niweke pamba ndani ya chupa, kisha nimeze miezi mitatu bila kukosa hata siku moja, nirudi kupima upya. Virusi vikishuka, kijiti kinatoka. Nikafanya hivyo. Chupa yenye pamba niliificha ndani ya chungu kimoja kati ya vile ambavyo bibi hunitumia nikauze. Kila siku ya soko nilibeba vyungu viwili vitatu kwenda Kyela, nikaviacha kwa mama mmoja anayeuza usipa, dagaa wa ziwani, kisha nikaenda kliniki. Mama mkwe alijua naenda kuuza vyungu.

Kwa hiyo damu niliyoikimbia siku ile ilikuwa ndiyo damu ya miezi mitatu.

Jioni nilimuuliza mume wangu kama amemwambia baba yake. Alikuwa anafuta matope kwenye pikipiki. Alisema hapana. Niliuliza tena, kwa sababu alijibu haraka mno. Akaacha kitambaa.

"Nimwambie nini? Mimi na baba hata habari za mvua tunaongea kwa kifupi."

"Sasa alikuwa anatafuta nini pale?"

"Siku ya soko baba huenda kuulizia mnada wa kakao. Kila mara. Labda aliegesha tu baiskeli kivulini."

Mnada wa kakao hauko karibu na kliniki, na yeye analijua hilo kunizidi mimi. Kuanzia hapo nikaanza kumwangalia na yeye.

Niliwaangalia wote. Nesi wetu ni mwenyeji wa Bujonde, anaimba kwaya kanisa moja na mama mkwe. Jumapili niliwaona wamesimama pamoja mlangoni wakicheka, nikahesabu kicheko kile kuwa changu. Yule mama wa usipa naye nilianza kumshuku, maana aliwahi kuniuliza mbona nachelewa kurudi kuchukua vyungu. Mama mkwe ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilifikiri ndiye aliyemtuma mumewe, kwa kuwa yeye mwenyewe akija mjini kila mtu anamjua.

Na alikuwa na sababu ya kutuma mtu. Mavuno mawili ya mpunga yalikuwa yamepita tangu niolewe na tumbo langu lilikuwa pale pale. Hapa kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi sikuwa na la kuitwa. Aliniita mwanangu kwa upole, kisha akaongeza maneno. Siku moja tukila mbalaga, ndizi zilizopikwa na samaki, aliniongezea sahani mara ya pili, akasema mbele ya shangazi wa mume wangu, "Kula, mwanangu. Unakula vizuri sana. Mimi naangalia tu chakula kinakokwenda." Shangazi alicheka mpaka akapaliwa. Nami nilicheka, nifanye nini.

Wiki iliyofuata nilirudi kliniki siku isiyo ya soko, nikamwambia mama mkwe kuna chungu kimerudishwa kwa ufa. Nilitolewa damu, nikapewa dawa. Nesi aliomba namba ya simu anipigie majibu yakifika. Sikumpa. Simu yangu hushikwa na kila mtu pale nyumbani. Nikasema nitakuja mwenyewe. Safari za siku zisizo za soko zilihitaji uongo mpya kila mara, na mimi uongo hunikaa vibaya mdomoni, kwa hiyo majibu nilipanga kuyafuata siku ya soko.

Kabla ya siku hiyo ikatokea habari ya mkono.

Mimi na mama mkwe tulikuwa tumeanika kakao kwenye mikeka. Kyela mvua haisubiri mtu. Wingu lilitokea upande wa milima, na matone ya kwanza yakaanguka tukiwa bado tunafagia ua. Tukakimbia wote wawili kukunja mikeka. Mama mkwe alinishika mkono juu ya kiwiko kunivuta upande wake, na kidole chake kikatua kwenye kijiti. Kidole kilibaki pale. Alikisukuma kijiti, kikasogea chini ya ngozi.

"Hapa kuna nini?"

"Nilichomwa na mwiba nikiwa mtoto, mama. Ukabaki."

Aliniangalia. Mvua ilikuwa inampiga usoni na hakujifuta.

"Mwiba mnyoofu hivyo," alisema.

Kisha tukabeba kakao ndani. Siku ya tatu mume wangu akaja na habari kwamba mama yake ameitisha kikao cha ukoo. Baba wadogo wawili wangekuja, mpunga ukishavunwa, kuzungumza habari yangu. Hakuniambia zaidi, mpaka nilipomuuliza. Mama yake alitaka kujua kama nazaa au sizai, na kama nimeweka kitu mwilini kwa makusudi, nirudishwe kwa bibi yangu ziwani.

"Utawaambia nini?" nilimuuliza.

"Nitawaambia tunangoja."

"Tunangoja nini?"

Jibu lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kliniki, kwenye karatasi. Kama karatasi ilikuwa nzuri, kijiti kingetoka kabla ya mavuno. Kama ilikuwa mbaya, sikuwa na cha kumwambia mtu.

Siku ya soko nilikwenda mapema. Nilikaa kwenye benchi, nikawa wa pili. Nikawa wa kwanza. Nesi alifungua mlango kumtoa mtu aliyekuwa ndani, nami nikainuka, na nje, karibu na bomba la maji, nikaona kitenge cha kijani. Hata kikohozi sikukingoja. Nesi aliniita kwa sauti ya chini nikiwa tayari kwenye kamba za mashuka. Sikugeuka.

Mume wangu alinisikiliza jioni ile mpaka mwisho. Ni mtu wa utani, lakini siku hiyo hakutania. Alisema polepole, "Umemwacha mtoto wetu kwenye benchi." Kisha akaenda kukaa kwa mama yake mpaka chakula. Nilisikia wanaongea, sikusikia wanachoongea, nikawaza mabaya yote.

Baada ya hapo nilianza kumsikiliza baba mkwe kama mwindaji. Nilijua anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Nilijua siku za kawaida hukaa wiki nzima hajapanda baiskeli, na siku ya soko huvaa koti la kijivu hata jua likiwa kali. Alasiri moja, siku ya soko ambayo sikwenda mjini, nilikuwa kwenye njia nyembamba kati ya mikakao na migomba, nimebeba majani ya ndizi kichwani. Nikasikia mnyororo wa baiskeli nyuma yangu. Nikaingia pembeni, nikatua majani, nikajifunika kanga, nikautazama mgomba. Alikohoa mara mbili. Njia ile ina mzizi mkubwa unaovuka katikati. Baiskeli ilipanda mzizi, ikashuka, na mfukoni mwa koti lake kitu kikacheka.

Ule mlio ningeujua hata usingizini. Nimeusikia tangu nikiwa na meno ya utoto.

Amechukua chupa yangu. Hilo ndilo nililowaza. Ameingia kwangu, au mkewe ameingia, wamefungua chungu, na sasa anatoka kuwaonyesha ndugu zake. Niliacha majani pale pale. Nilipita shambani kwa watu, nikafika nyumbani kabla yake, nikaingiza mkono kwenye chungu.

Chupa ilikuwepo. Niliitikisa. Ilikuwa kimya, pamba yake imejaa.

Nilikaa chini sakafuni nikiwa nimeishika. Ilinichukua muda mrefu kufikiri jambo ambalo mtu mwingine angelifikiri siku ya kwanza alipoiona ile baiskeli. Nilikuwa nimeshughulika sana na siri yangu hata sikuona kwamba mzee naye anaweza kufika kwenye veranda ile kwa miguu yake na kwa ajili yake mwenyewe.

Sikumwambia mume wangu. Haikuwa habari yangu kuitoa. Na bado sikuwa na uhakika. Nilijiambia huenda ni dawa za presha.

Siku ya soko iliyofuata mpunga ulikuwa umeshaanza kukatwa. Nilimpa mama wa usipa vyungu vyangu, nikaenda taratibu, nikachelewa kwa makusudi ili watu wapungue. Baiskeli ilikuwepo. Miguu yangu iligeuka yenyewe kuelekea geti dogo. Nikaigeuza tena.

Baba mkwe alikuwa ameketi mwisho wa benchi upande wa mlango. Sijui aliujuaje ujio wangu, labda kwa ndala zangu. Kabla sijafika aliinua miguu, akazunguka, akautazama ukuta. Nami nikaketi mwisho mwingine, nikampa mgongo, nikajifunika. Katikati yetu walikuwa wanawake wawili. Mmoja alituangalia kwa zamu, akamwambia mwenzake, "Jamani, hawa wamegombana na nani? Na ukuta?" Wakacheka, wakaingia ndani kwa zamu zao, wakatoka, wakaenda. Tukabaki wawili.

Nesi alifungua mlango. Ilikuwa zamu ya mzee.

"Nesi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza naisikia sauti yake karibu namna ile. Ni laini kuliko nilivyodhani. "Inawezekana nyuma yangu kuna mtu. Mimi simwoni. Kama yupo, aanze yeye."

Nesi aliuangalia mgongo wake, akauangalia wangu. Mtu wa Bujonde haelezwi jambo kama lile.

"Humwoni kabisa, baba?"

"Simwoni. Na mara mbili zile akipita chini ya mashuka, sikumwona vilevile."

Niliingia nikiwa nimeinama. Nesi alifunga mlango, akatafuta faili langu, akasoma, na mimi nilikuwa naangalia uso wake nione kama utabadilika kabla hajasema. Haukubadilika. Alinisomea kwa sauti ya kawaida kwamba virusi havikuonekana kwenye kipimo. Nilimuuliza kama wamekosea jina. Alinigeuzia karatasi nikasoma mwenyewe, polepole, namba ya faili na yote.

Alisema bado vimo mwilini, nisije nikaacha dawa, ila vimelala. Nikiendelea hivi hivi, na mume wangu naye apime kama kawaida, tunaweza kumtafuta mtoto. Alisema kijiti anaweza kukitoa siku hiyo hiyo nikitaka. Au niende nyumbani nikajadiliane na mume wangu kwanza kama naona vyema. Nikamwambia tulijadiliana miaka miwili.

Alinichoma ganzi. Wakati tunangoja mkono ufe, alifungua dirisha, maana ndani kulikuwa na joto. Dirisha lile liko juu ya benchi. Mzee alikuwa bado pale nje, peke yake. Akakohoa.

"Nesi. Yule nisiyemwona yuko salama?"

Nesi aliniangalia kuniomba ruhusa. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Yuko salama, baba."

"Ndaga," alisema, asante. Kisha akaongeza. "Umwambie mimi nilidhani ametumwa na mama wa watoto wangu anifuate. Kila nikija, yupo. Nikasema huyu binti ni mpelelezi."

Nilicheka ndani ya kanga mpaka nesi akanishika mkono nisiutikise. Wote wawili tulikuwa tumechagua siku ya soko kwa sababu moja, kwamba siku hiyo hakuna anayemuuliza mtu anakwenda wapi. Yeye alikuwa na mnada wake, mimi nilikuwa na vyungu vyangu.

Halafu kicheko kikaniisha. Nikamwambia nesi kwa sauti ya chini, "Muulize, mama anajua?"

Nesi aliuliza. Nje nilisikia mtu anajaza ndoo bombani.

"Mwambie bado," alisema mzee. "Mwambie dawa namezea shambani. Mwambie nami virusi vimelala, wewe unanisomea kila mara. Lakini kumwambia, bado."

"Mimi namwambia kila akija," nesi alisema, na sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu. "Amlete."

Kijiti kilitoka. Kilikuwa kidogo, cheupe, kama kijiti cha kuchokonolea meno. Nilidhani kingekuwa kikubwa zaidi.

Kikao kilifanyika mpunga ulipokwisha. Mimi nilikuwa jikoni, ukuta wa jikoni ni wa matete na udongo, na kila neno lilinifikia. Mama mkwe aliongea kwa mpangilio. Alisema habari ya wali ninaokula, ya safari za vyungu zisizoisha, ya mwiba mnyoofu. Baba mdogo mmoja alisema niitwe, mkono uangaliwe. Mume wangu alianza kusema, akakatizwa. Ndipo baba mkwe alipokohoa.

"Tangu binti huyu aje hapa sijamtazama uso," alisema. "Naingia kwangu kwa kuzunguka ili asisumbuke. Leo mnaniita niketi nijadili tumbo lake? Nikague mkono wake? Huyo ni mkamwana wangu. Mimi kikao hicho sikai."

Nilisikia kigoda kikisukumwa. Bila yeye kikao si kikao, na alichosema ndiyo mila yenyewe. Baba wadogo wakaomba chakula. Nilipowapelekea maji ya kunawa, mama mkwe alinikazia macho. Nafikiri alijua mumewe hakuwa amekasirika kwa ajili ya mila tu, na kwamba kuna kitu kati yangu na mzee ambacho yeye hawezi kukishika. Kuanzia siku ile alianza kuzipekua mpaka nguo za mumewe. Hilo niliambiwa na mume wangu, ambaye alishangaa.

Kwa hiyo niliogopa kwa ajili ya mzee. Siku moja baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mgomba nyuma ya nyumba, hakuna mtu. Nilichukua pamba, nikaifunga kwenye jani la mgomba, nikaibana kwenye keria kwa kipande cha mpira wa tyubu. Sikumwachia neno. Siku ya soko iliyofuata nilimpisha njiani, kwenye mzizi ule ule. Baiskeli ilipanda, ikashuka. Koti halikutoa sauti.

Mwezi wa nne baada ya kijiti kutoka nikakosa siku zangu. Nilikwenda kliniki kabla sijamwambia mtu, hata mume wangu, nikapimwa, nikarudi nikamwambia kando ya pikipiki yake. Alikaa juu ya kiti cha pikipiki akisahau kuiwasha. Mama mkwe hakuambiwa. Aliona. Alinishika tena mkono ule ule, juu ya kiwiko, akapapasa lile kovu dogo.

"Naona mwiba umetoka," alisema.

"Umetoka, mama."

"Vizuri." Akaniachia. Sikuelewa kama amenisamehe au ananiwekea kinyongo.

Nikiwa na mimba ya miezi saba, siku ya soko, nilisikia kikohozi nikaingia pembeni. Mlio wa baiskeli ulikuwa mzito, wa watu wawili. Sikupaswa kugeuka. Niligeuka kidogo, baada ya kupita. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye keria, amevaa kitenge cha kanisani, mkoba magotini, na alikuwa ananiangalia mimi. Hakunipungia mkono. Waliporudi alasiri alipika bila kuongea, siku ile na siku mbili zilizofuata. Nilingoja aseme. Nilihamisha chupa yangu chungu hadi chungu.

Mtoto ni wa kike. Alizaliwa Kyela mjini, na alipewa dawa ya maji tangu siku ya kwanza, ya kumeza kila siku kwa wiki sita. Hapo ndipo woga wangu wote ukarudi, kwa sababu mtoto mchanga hafichiki. Analia, watu wanakuja, wanambeba. Niliificha ile chupa ndogo kwenye nepi, nikampa nikiwa nimegeukia ukutani. Asubuhi moja, wiki ya tatu, nilichelewa. Usiku hakulala na mimi nikapitiwa na usingizi. Niliposhtuka mama mkwe alikuwa ndani, ameingia bila hodi kama kawaida yake, amempakata mtoto. Chupa ilikuwa wazi kitandani. Alikuwa amelishika lile bomba dogo la kupimia dawa kuelekea mwanga wa mlango, akisoma mstari.

Nilifikiri sasa ndiyo basi, nitarudi ziwani leo.

Aliliingiza bomba pembeni mwa mdomo wa mtoto, taratibu, kidogo kidogo, akamfuta kidevu kwa ncha ya kanga yake.

"Saa yake ilikuwa inapita," alisema.

Alinipa mtoto, akachukua ungo wangu, akatoka nao. Mimi nilibaki namtazama mwanangu akilamba midomo. Sikuuliza nani amemwambia.